Sheria ya Nguzo

Siku zile wanyama walipokuwa na baraza lao, ilipitishwa sheria kwamba kila nyumba iwe na nguzo za miti. Fuko, aliyekaa shimoni, hakuelewa nguzo zake azisimamishe wapi. Akamwendea Nyani, mwenyekiti wa baraza.

"Mzee, sheria hii katunga nani?"

"Mchwa. Nani mwingine anayeijua miti mpaka ndani?"

Fuko akaona ni kweli, akatia nguzo shimoni. Kabla masika hayajaisha, nguzo zilibaki maganda matupu, na dari ikamwangukia.

Baraza likaitwa upesi. Mchwa akasimama kwa huzuni, akasema kosa ni uchache wa nguzo, ziongezwe maradufu. Wajumbe wakapiga makofi. Fuko naye akapiga, ingawa hakujua kwa nini.

Walipotoka, akamsindikiza Mchwa hadi kichuguuni. Akachungulia ndani: udongo mtupu, hata kijiti hakuna.

"Bwana Mchwa, mbona kwako hamna nguzo?"

Mchwa akamtazama kwa huruma. "Ndugu yangu, mtu hujenga nyumba kwa chakula?"

Fuko alifika kwake bado hajaelewa, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo mpya.