Sauti Nyumbani kwa Job

Manasseh alisikia sauti ya mwanamume ikitoka nyumbani kwa mwanawe, na mwanawe alikuwa kazini Eldoret.

Alisimama kwenye migomba, gunia kichwani kujikinga mvua. Mlango ulikuwa hatua kumi tu, lakini hakuweza kuugusa. Mkisii haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kama inateketea. Maureen, mke wa Job, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hana wasiwasi, Manasseh aliwaza.

Hii ilikuwa Jumatano ya tatu sauti hiyo kusikika. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa jirani yake, Tryphosa.

"Baba Job, kule kwa kijana wako kuna mwanamume anakohoa," alisema, akijifanya anafunga kuni. "Na si kijana. Ni mzee kabisa!"

"Mzee?" Hilo lilimuuma zaidi.

Kwa maoni yake, chuo ndicho kilichomharibu. Maureen alikuwa akisomea saikolojia Kisii mjini, na kufikia Ijumaa alitakiwa awe amechagua masomo ya mwaka wa tatu. Manasseh na Job walikuwa wameshakubaliana: achukue saikolojia ya kazini, kisha atafute nafasi katika ofisi ya wafanyakazi kwenye kiwanda cha majani chai, karibu na nyumbani. Lakini asubuhi hiyo Maureen alikuja uani, akasimama mbali kwa heshima, fomu mkononi.

"Baba, naona nichukue ya kushauri waliofiwa."

"Waliofiwa? Hapa nani amefiwa?"

Maureen aliinamisha kichwa. "Hakuna, Baba."

"Basi nani amekutia hayo kichwani?"

Maureen aliikunja fomu, akaaga. Mtu akikwepa swali hivyo, Manasseh alijiambia, ana jambo analificha.

Mchana, alipokuwa kwenye kituo cha kupimia majani hapo Gesima, alimtumia mkewe, Nyamoita, ujumbe wa sauti, kama alivyofanya kila Jumatano. Manasseh aliacha shule darasa la nne. Kuandika hakukuwa kazi yake. "Nyamoita, leo kilo kumi na tisa," alianza, kama kawaida, kisha akamweleza na ya mke wa Job. Nyamoita hakujibu. Siku hizi hakuwa akijibu, lakini kwa miaka thelathini na sita Manasseh hakuwa amezoea kumwambia mtu mwingine mambo ya nyumbani.

Na sasa huyu hapa, huyo mwanamume, ndani kwa Job.

Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba maneno hayakusikika, ni sauti tu: nzito, ya kulalamika, sauti ya mtu asiyependa kukatizwa. Manasseh aliichukia papo hapo. Kisha akamsikia Maureen akipenga kamasi. Analia? Mke si wake, na bado anamgombeza!

Kikohozi kilimpanda, akakimeza. Akampigia Job.

"Ijumaa mkeo asijiandikishe popote," alisema kwa sauti ya chini. "Masomo yamekwisha. Na Jumapili arudi kwao Keumbu."

"Baba, kuna nini tena?"

"Ana mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu! Mwanamume! Yuko ndani ya nyumba yako saa hii, anaongea kama mwenye boma."

"Baba, Maureen hawezi..."

"Nimezeeka lakini masikio yangu hayajaziba. Kama huniamini, sikiliza mwenyewe."

Alinyata hadi ukutani, akaweka simu kwenye spika, akaisogeza hadi kwenye dirisha lililokuwa wazi kidogo. Mvua ikakatika ghafla, kama inavyokatika huku. Ndani kukawa kimya, kisha ile sauti ikaanza tena tangu mwanzo, safari hii kila neno likisikika:

"Nyamoita, leo kilo kumi na tisa. Mke wa Job ameleta mwanamume nyumbani."



"Baba," Job alisema polepole, "huyo ni wewe. Na hiyo ni simu ya Mama. Maureen ndiye aliyebaki nayo siku tulipomzika."