Namba Kwenye Chuma

Fundi alikuwa ameshakibana kile kipande kwenye jiliwa alipogundua kwamba hakikuwa cha pampu kama alivyoambiwa. Kilikuwa na tundu la kupitisha kidole kimoja tu, limepigwa msasa mpaka likang'aa.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "hii ni bastola."

Mdogo wa marehemu mumewe alirudishia mlango wa karakana. "Toboa tu, shemeji. Siku hizi watu wanaziunda majumbani. Haina namba wala karatasi. Hata ikiokotwa, nani atajua imetoka wapi?"

Maneno hayo hayakuwa mageni kwake. Mwaka jana askari alimwambia hivyohivyo alipofunga jalada la mumewe: risasi ipo, mama, lakini bunduki haina namba.

"Na wewe ulikuwepo," alimwambia. "Ulilia kuliko mimi."

Shemeji akainamisha macho. "Biashara ni biashara."

Fundi alivuta droo, akatoa mihuri ya chuma ya kugongea tarakimu, akashika nyundo. Pigo la kwanza lilimrusha shemeji kutoka alipokuwa ameegemea.

"Unafanya nini?"

"Nagonga namba yangu ya simu. Ikiua mtu watanipigia, nami nitawatajia aliyeileta."

"Umerukwa na akili!"

"Labda."

Aligonga moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka tarakimu ya kumi. Kisha akalegeza jiliwa, akapuliza vumbi, akamnyooshea kile chuma kwenye kiganja.

"Haya, chukua mzigo wako."

Shemeji aliitazama ile namba, akaficha mikono nyuma.