Tundu la Saba

Simu ya Fundi iliita, na kwenye kioo likatokea jina la mtu waliyemzika wiki tano zilizopita. MAMA MKWE.

Hakuipokea. Aliiacha iite hadi ikanyamaza yenyewe.

"Ni mimi," mkewe akasema kutoka chumba cha nyuma. "Nimebonyeza kengele yake. Inasikika vizuri huko?"

"Inasikika."

"Hata mtu akiwa amelala?"

Fundi aliigeuza simu kifudifudi mezani. Kila siku ya Mungu mkewe aliingia chumba kile kitupu, akakaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi akimtazama mumewe sebuleni, akabonyeza. Simu zao mbili ziliita kwa pamoja, na nyumba nzima ikawa kama inamngoja mzee yule akohoe.

Kengele hiyo, aliyowekewa mama mkwe ili aite akihitaji msaada, ilipitia kwenye swichi ya mtandao, kisanduku cheusi ukutani sebuleni chenye matundu kumi na sita ya waya. Tundu la saba lilikuwa la chumba cha mama mkwe. Fundi, ambaye kazi yake ni mitandao ya maofisi, alikifunga mwenyewe, na siku ile alijigamba mezani kwamba kisanduku hiki hakisahau: kila linalotokea kinaliandika, saa na dakika.

Mama mkwe alikutwa sakafuni saa kumi alasiri, mkono juu ya kengele. Binti yake, mke wa Fundi, alikuwa chumba cha pili, simu kando ya mto, amelala fofofo baada ya kumuuguza siku tatu bila kufumba jicho. Tangu hapo alikuwa na swali moja tu: mama aliniita mara ngapi? Mwanamke mcheshi, aliyezoea kumtania mumewe kwamba ameoa waya na yeye ni mke wa pili, sasa alikonda akabaki macho tu. Hakutoka nje. Usiku hakulala, aliketi hapo hapo sebuleni.

Basi kila jioni walikaa pamoja mbele ya kompyuta, waya umechomekwa kwenye swichi, kwa kuwa bila waya haiingiliki. Fundi aliandika neno la siri, swichi ikakataa. Akaandika lingine, ikakataa. Akikosea la tatu, inajifunga nusu saa. Aliwakataza wateja wake kuandika maneno ya siri kwenye karatasi, kumbe ya kwake yote yalikuwa kwenye kidaftari, na kidaftari, alisema, kilipotea katika pilikapilika za mazishi.

"Kuna kitundu nyuma," alimwambia mara nyingi. "Nikibonyeza kwa pini, tunaanza upya."

"Na kumbukumbu?"

"Zinafutika."

"Usithubutu."

Leo alitoka chumba cha nyuma, akamwekea mumewe chai, akasimama kando wakati swichi ikikataa mara ya kwanza, na ya pili. Alikuwa ametulia. Hata nywele alikuwa amezichana.

"Usijichoshe, mume wangu," alisema. "Sukari imekwisha, ngoja nifike dukani mara moja."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Fundi alishusha pumzi. Angalau ameanza kupona. Alisubiri mlango ufungwe, akahesabu hadi kumi.

Kisha akaandika neno la siri alilokuwa akilijua wiki zote tano, bila kukosea hata herufi.

Alikuwa na mistari miwili tu ya kufuta, yote ya siku ya kifo. Tundu la saba limefungwa, kengele haifiki, saa saba na dakika arobaini mchana; limefunguliwa, jioni. Alilifunga kwa mapenzi, Mungu shahidi wake, ili mkewe apate saa moja ya usingizi bila kuitwa aje kusema saa hizi ni saa ngapi. Mteja akapiga simu, yeye akabeba ngazi yake akaondoka, akasahau. Jioni, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, alilifungua tena asionekane. Aliona aibu, na bado vidole vyake viliendelea.

Swichi ikafunguka. Juu kabisa, kama ilivyo kawaida yake, ikamwonyesha ni lini mtu aliingia mara ya mwisho: jana, saa nne na robo asubuhi.

Jana saa nne na robo Fundi alikuwa juu ya ngazi kwa mteja, upande wa pili wa mji.

Aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama ndani ya mlango, pekupeku, bila sukari, kidaftari mkononi.

"Haya," alisema. "Nisomee."