Kompyuta Inayosalimia

Mama Dorotea alikuwa ameifunika kompyuta kwa khanga yake, na juu ya khanga ameweka mikono yote miwili, kama mtu anayezuia kuku asitoke kwenye tenga.

"Hii haiondoki," alisema.

Fundi Yakobo alisimama mlangoni na boksi la kompyuta mpya kifuani, jasho likimtiririka. Si mara ya kwanza kupanda ngazi za ofisi hii ya ushirika wa wavuvi, hapa Kirumba, na kila mara alirudishwa na boksi lake. Juu ya bati ndege makorongo walitembea kwa vishindo, upepo wa ziwani ukagonga madirisha. Siku hiyo hakuna kilichotulia.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nilijua ni wewe, unaburuta kiatu. Hilo boksi kampelekee mkeo."

"Mama, Windows 7 imezeeka. Hata walioitengeneza wameshaitupa mkono. Wiki iliyopita virusi vilikula barua za wanachama. Humu nimeweka mfumo mwingine, Linux. Virusi vinaiogopa, tena ni ya bure."

"Vya bure navijua. Inaimba inapoamka?"

"Haiimbi. Inawaka kimya kimya."

"Basi haina adabu. Ukiamka unasalimia. Na menyu yake iko wapi?"

"Popote upendapo. Juu, chini, pembeni."

"Kitu cha kuhamahama si cha kufanyia kazi. Nyie watoto mnabadilisha mashine kama vitenge."

Princess, binti wa mapokezi, ambaye kila asubuhi humsomea mama barua zilizoingia huku wakinywa chai, alicheka mpaka chai ikampalia.

Mwenyekiti Luhende hakucheka. Alitokeza kichwa kutoka chumba cha pili.

"Dada Dorotea, nimechoka. Ikifika saa nane mashine mpya haipo juu ya meza hiyo, kesho kiti hicho atakikalia Princess. Wewe ukapumzike na wajukuu."

Princess akaweka kikombe chini. Wajukuu wenyewe ni mayatima wa marehemu binti yake mama Dorotea, na sufuria yao inategemea kiti kile kile. Ofisi nzima inalijua hilo.

Mama aliikunja khanga pembe kwa pembe, akaitia begani. Akatoka kwenda msalani polepole, mkono mmoja ukutani, kama mtu aliyezeeka ghafla. Princess naye akakusanya vikombe, akashuka navyo bombani.

Yakobo hakungoja hata kuizima mashine ya zamani. Aliitua ile mpya sakafuni, akajipenyeza chini ya meza. Skrini ingebaki ile ile. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyaya tu, mmoja mmoja. Alichomoa wa kwanza. Kabla hajagusa wa pili, viatu vya mama vikaingia, kiti kikalia kwii.

Yakobo akabana pumzi. Angesema nini? Anamwibia mtu mzima mchana kweupe?

Juu yake mama alitulia kidogo, akaisikiliza mashine ikivuma. Mwenyekiti akaja kusimama upande wa pili wa meza, nyuma ya skrini, akaanza kutamka barua ya kuwaita wanachama mkutanoni. Alitamka kama anakimbizwa.

"Weka kwamba wa Igombe waje na wazee wao. Hapana, futa wazee. Weka viongozi. Na wasichelewe. Hiyo ya kuchelewa ipeleke mwisho."

Vidole vya mama vilikwenda tu, taka-taka-taka, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Haya, nisomee."

Mama alivaa miwani, akainama kuisogelea skrini. Akasoma kuanzia "Ndugu mwanachama" hadi jina la Mwenyekiti bila kukwama, viongozi wa Igombe wakiwa mahali pao, kuchelewa kukiwa mwisho.

"Umeona?" alisema. "Mimi na mashine hii tunaelewana."

"Saa nane, Dorotea," alijibu Mwenyekiti, akarudi chumbani kwake.

Yakobo alitambaa akatoka chini ya meza, magoti yamejaa vumbi, maneno ya kuomba radhi yakiwa mdomoni. Akaitazama skrini juu ya bega la mama. Ilikuwa nyeusi tii. Waya wake alikuwa bado ameushika yeye Yakobo mkononi.

"Nani?" mama aliuliza, uso ameuelekeza kwenye kabati.

Yakobo aliinama, akauchomeka waya mahali pake taratibu.

"Mwenyekiti!" aliita. "Hii Linux haielewani na printa yetu. Tubaki na ya mama."