Bendera ya Kona ya Nne

Alipotokeza nyuma ya tuta la kona ya nne, bendera ya njano ilikuwa inapepea. Hapohapo akaachia mafuta, akashusha gia, akainua mkono kuwaonya walio nyuma. Alikuwa anaongoza, na mzunguko ulikuwa wa mwisho.

Kufumba na kufumbua, gari la bluu la mdogo wake likachomoka nyuma ya tuta na kumpita kama upepo.

"Bendera!" alipiga kelele ndani ya kofia ngumu. "Bendera, we!"

Nani amsikie? Alipokanyaga tena mafuta, maji yalikuwa yameshamwagika. Mdogo mtu akavuka mstari akiwa wa kwanza.

Zilikuwa mbio za watu wa kawaida, walimu na wauza duka wanaovaa ovaroli za mbio Jumapili na kurudi kazini Jumatatu. Lakini siku hiyo mshindi, yeye peke yake, ndiye angeiwakilisha klabu kwenye mashindano makubwa. Dada mtu alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wagonjwa. Alishawabeba wengi waliodhani sheria zimewekwa kwa ajili ya wengine. Ndiyo maana hakuwahi, hata mara moja, kumpita mtu penye bendera ya njano. Njano maana yake mbele kuna hatari: punguza mwendo, usimpite mwenzako. Baba aliwafundisha hivyo wote wawili, kwa vipande vya kanga kuukuu uani kwao, tangu miguu yao haijafika kwenye pedali.

Na mshika bendera wa kona ya nne alikuwa baba mwenyewe. Watu wa kujitolea walikuwa haba siku hiyo, kila kona mtu mmoja. Shahidi wangu ni baba, alijiambia akielekea ofisini kulalamika. Niogope nini?

Mwenyekiti wa wasimamizi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliwasikiliza wote wawili wakiwa wamesimama.

"Sikuona bendera yoyote," mdogo mtu alisema. "Haki ya Mungu, dada. Nilikukuta unajikongoja, nikajua gari limekukorofisha."

"Huna hata haya."

"Ulikuta nini mbele?" mwenyekiti alimuuliza dada mtu. "Gari limekwama? Mafuta yamemwagika?"

"Sikutazama, nilikuwa namfukuzia huyu. Bendera ikipepea, kazi yangu ni kutii, si kuuliza kwa nini."

Mwenyekiti akaagiza mzee aitwe. Baba aliingia akijifuta kwa kitambaa mikono isiyo na uchafu wowote.

"Mzee, uliinua bendera mzunguko wa mwisho?"

Baba alimtazama mwenyekiti. Binti zake hakuwatazama. "Hapana. Sikuinua."

"Baba!" Dada mtu alimsogelea. "Si umeipeperusha mbele ya macho yangu?"

"Utakuwa umeona mng'ao wa jua, mwanangu. Jua la leo kali."

Matokeo yakabaki yalivyo. Juu ya hayo akaandikiwa onyo, kwamba amepunguza mwendo bila sababu na kumhatarisha aliye nyuma. Yeye! Alitia sahihi, akatoka.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kitinda mimba amevunja sheria, na baba amemficha asije akanyang'anywa ushindi. Tangu utotoni ilikuwa hivyo. Mdogo akivunja kikombe, kikombe kilijivunja chenyewe.

Nje, mdogo mtu alimkimbilia, kombe limening'inia mkononi.

"Dada, nisikilize basi. Kama ni hii nafasi, hata mimi..."

"Usiniite dada. Ungeniambia unaitaka, ningekupa. Ila kuniibia, tena unaapa kwa Mungu? Kuanzia leo mimi sina mdogo."

Akaingia garini na kubamiza mlango. Kwenye kioo alimwona amesimama palepale, machozi yakimtiririka kimyakimya kama ya mtoto anayechapwa bila kujua kosa lake.

Jioni alikuwa jikoni kwake, ovaroli bado mwilini, chai imepoa mbele yake. Simu ikalia. Alikuwa nesi anayefanya naye kazi, aliyekuwa zamu uwanjani siku ile. Gari lao la wagonjwa liliegeshwa mkabala na kona ya nne. Mbio zilipokwisha tu, wakampeleka hospitali mtazamaji mmoja aliyeteguka mguu.

"Mwenzangu, pole. Ndiyo kwanza natoka kazini. Nilikurekodi mzunguko wa mwisho, nikijua unachukua kombe. Imekuwaje tena ukapunguza?"

"Ulirekodi hapo konani? Yote?"

"Yote. Nakutumia sasa hivi."

Video ilipoingia, aliandika ujumbe kwa mwenyekiti: *Ushahidi ndio huu. Naomba mdogo wangu afutiwe ushindi, na baba yangu asishike bendera tena.* Akaiambatisha. Kabla ya kutuma, akaona kwanza aitazame mwenyewe, aushibe uongo wao kwa macho yake.

Kona ilikuwa tupu. Hakuna gari lililokwama, hakuna mafuta, hakuna hata jani barabarani. Baba alikuwa amesimama kando, bendera imekunjwa kwapani, anachungulia upande wa tuta. Gari la dada mtu lilipotokeza, baba akaikunjua na kuipeperusha kwa nguvu zake zote, hadi likampita.

Kisha, kabla gari la bluu halijatokeza, akaikunja upesi na kuificha nyuma ya mgongo.