Siafu wa Rangi Gani?

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, Nguchiro ndiye aliyekuwa msemaji wa kijiji, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosa neno.

Siku moja siafu weusi waliingia kwa Panya Buku. Majirani walipochukua majivu ya kuwafukuzia siafu waende kumsaidia, Nguchiro aliwazuia.

"Kwanza tuulize, ni siafu wa rangi gani? Weusi? Basi hao ni wafagiaji wa uovu. Panya Buku alizidi kuwatesa wanawe."

Majirani wakarudi makwao.

Mwezi uliofuata siafu wekundu wakaingia kwa Kenge, mtesa wanawe vilevile. Nguchiro akapanda juu ya jiwe, povu likimtoka.

"Huu ni uvamizi! Nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi!"

"Kwani wale weusi walipiga hodi?" akauliza Nungunungu.

"Wale ni rafiki zetu, bibi. Usichanganye mambo."

Mvua za kwanza zilipoanguka, siafu wakaingia kwa Nguchiro mwenyewe. Akapiga ukunga. Majirani wakaja mbio na majivu yao, lakini Nungunungu akawasimamisha mlangoni.

"Bwana Nguchiro, ni siafu wa rangi gani? Tuambie, tujue kama tuwaite wavamizi au wafagiaji."

Nguchiro akakodoa macho. Mle shimoni mlikuwa na giza, na kila alipofumbua kinywa ajibu, aliumwa mahali pengine.

"Rangi siioni!" akalia. "Nasikia meno tu!"

"Ndivyo alivyolia Panya Buku," akasema Nungunungu, kisha akamwaga majivu.