Salamu za Pochi

Tangu pochi za sarafu za kidijitali zianze kutii Kichina pekee, Bi Mwanakheri alimwachia bintiye Sabra amsemee. Kila Ijumaa Sabra aliinamia simu, akatamka maneno machache, na akiba ya mama ikafunguka. Kwa miezi minane Bi Mwanakheri alijifunza Kichina kwa siri, apate kumshangaza mwanawe.

Ijumaa hii alikaa kando yake, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza akaelewa.

“Mama yangu amefariki,” Sabra aliiambia pochi kwa Kichina. “Mimi ndiye mrithi wake.”

Pochi ikampa pole kwa sauti ya upole.

“Wanasemaje, mwanangu?” Bi Mwanakheri aliuliza.

“Wanakusalimu, mama. Wanakuombea umri mrefu.”

“Amina,” aliitikia, akiutazama uso wa bintiye.